Kitenge cha Luyando

Kabla hakujapambazuka, Mama Luyando alisikia kuni zikipasuliwa uani. Alijua ni Choolwe, anayewapeleka vijana kushuka maporomoko ya Zambezi kwa maboti ya mpira. Tangu Mama afiwe na binti yake, hajaacha kumpasulia kuni. Mama akamtolea uji.

“Umekonda. Ugali wa mkeo umekushinda?”

“Mama nawe, kwa uchokozi!” Akaukoroga uji bila kunywa. “Leo nina vijana wa kanisa. Wasichana watavaa majaketi ya kuelea juu ya vitenge, kama Luyando. Nikiwaambia wavue vitenge wabaki na suruali, wataniona sina adabu. Naomba niwaeleze yaliyompata. Ukikataa, nitanyamaza.”

Mama akaikumbuka siku ile. Boti lilipopinduka, kitenge cha binti yake kililowa kikateleza, jaketi likalegea, likamchomoka kupitia kichwani, naye akazama. Tangu mazishi watu hawakulitaja jina lake mbele yake.

“Waeleze,” akasema. “Waambie pia kwamba mimi mama yake ndiye niliyemfunga kile kitenge. Wakinuna wanune, ila wavue.”

Choolwe akainamisha kichwa, akaaga.

“Jioni upite tena, baba,” Mama akamwambia. “Nijue kama wote wamerudi.”