Pete Iliyokimbia Joto

Kavindu alitaka pete ishike nuru kwa muda mrefu. Ilikuwa pete ndogo sana iliyochongwa ndani ya chipu, na nuru ya leza ilipoingia ilizunguka humo mamia ya mara. Ukiipa umeme inazuia nuru, ukiuondoa inaiachia, na hivyo data husafiri. Kadiri nuru inavyokaa ndani kwa muda mrefu, ndivyo umeme kidogo zaidi unavyotosha. Bwire, aliyesoma naye chuoni, alitaka pete legevu kidogo, isiyoyumbishwa upesi na joto. Aliposhindwa kwenye ubishi alicheka, akasema pete itakuwa na kiburi kama aliyeichora.

Chipu iliporudi kutoka kiwandani ng'ambo, waliipima katika chumba walichoazimwa nyuma ya kanisa, Makadara, juu ya meza iliyolazwa kwenye tyubu za magari ili malori ya Jogoo Road yasiitikise. Wafadhili walikuwa wameeleza wazi: kifaa kikila umeme mdogo kuliko vilivyopo, wangelipia chipu ya pili na mwaka mzima wa kazi. La sivyo, basi. Kwa ajili ya mwaka huo Bwire alikuwa amekataa kazi ya kampuni ya simu.

Asubuhi pete ilitii. Kwenye skrini kulikuwa na bonde jembamba pale nuru ilipomezwa, na umeme usiofika wa betri ya saa ya ukutani ulitosha kulisogeza. Bwire alimkumbatia Kavindu mpaka miwani ikamtoka.

Kisha jua likawaka juu ya mabati. Kwa joto hilo bonde likatambaa, likaiacha rangi ya leza, likapotea. Wakawasha hita ndogo iliyo kando ya pete ili joto lisibadilike, na bonde likarudi. Kavindu akajumlisha umeme wa hita na wa pete. Akarudia. Umeme wote waliouokoa, hita ilikuwa imeula, na mwingine zaidi.

"Hawajauliza habari ya hita, Kavi," Bwire alisema.

"Wameuliza umeme."

"Wa pete. Tuwape huo. Hita tutairekebisha kwenye chipu ya pili."

"Na mtu akijenga mtambo kwa kuamini namba hiyo?"

Kavindu akamsogezea Bwire kompyuta, akamwambia jina lake pia liko kwenye ripoti, achague yeye. Bwire akairudisha kompyuta kwa Kavindu.

"Tuma namba zote mbili," alisema.

Jibu la wafadhili lilikuja alasiri, fupi na la heshima. Walishukuru, wangeendelea na watu wengine. Bwire alisema ataipigia kampuni ya simu, ingawa wote walijua nafasi ilishapata mtu. Akatoka kutafuta maboksi ya kufungia vifaa.

Kavindu alizima hita. Giza lilikuwa likiingia na mabati yakialika kwa kupoa. Alipogeuka kuizima leza, aliliona bonde likirudi taratibu, bila kusaidiwa, likasimama palepale alipolichora. Alilitazama. Aliposikia hatua za Bwire kwenye kokoto, akabonyeza swichi.