Pua Yangu Usoni mwa Mama

Jana usingizi ulinichukulia mezani pa kazi, na haya ndiyo niliyoota.

Ila mjue kwanza kilichonilaza hapo. Mimi hutengeneza vikaragosi vya filamu, vile vinavyosogezwa kidogo, vikapigwa picha, vikasogezwa tena, mpaka mtazamaji adhani vinatembea. Safari hii nilikuwa namtengeneza marehemu mama yetu. Dada yangu mkubwa, Da Mgeni, angekuja asubuhi kumtazama, na alishasema asipomwona mama pale, filamu hakuna. Nami, fundi mzima, kila nikifinyanga uso unatoka wangu. Ndiyo shida ya kufinyanga mbele ya kioo. Hiki cha mwisho kilikuwa mimi kabisa, nimevaa kanga.

Basi, naota. Nimesimama juu ya meza, nimefungwa skrubu nyayoni. Koleo langu la kukatia waya limevaa miwani, linanisimamia.

"Ukisogea, sogea unywele mmoja," linasema. "Kisha tulia upigwe picha."

Meza inageuka jiko la mama kule Pangani. Mama mwenyewe amekalia mbuzi, anakuna nazi. Nataka kumkimbilia. Nainua goti, napigwa picha. Naliinua tena, napigwa picha. Nazi inakwisha, wali unaiva, watu wanakula wanaondoka, mguu wangu bado uko hewani.

Nikaona heri nimwamkie hapohapo nilipo. Koleo likaleta kisanduku cha midomo, maana kikaragosi hubadilishiwa mdomo kwa kila sauti.

"Mdomo wa 'sh' haumo," likasema. "Uliutengeneza?"

"Niliona uvivu."

"Basi mwamkie bila huo."

"Ikamoo, mama," nikasema. Aibu niliyoona, acha tu.

"Marahaba," mama akajibu, kana kwamba nimesema sawasawa. Akanisogelea kwa miguu yake, yeye hakupigwa picha hata moja. "Kombo mwanangu, mbona umenitia pua yako?"

"Ni kioo, mama."

"Kioo kinanijua mimi? Si ungefumba macho."

Akanishika mkono, akaupeleka usoni pake. Nikafumba macho. Shavu lilikuwa na joto, na kidevuni pana kovu dogo ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa. Nikalia kwa uchungu, kope zangu za gundi zikabanduka. Koleo likalalamika kwamba machozi yanaharibu picha.

Nikaamka nimelalia donge la udongo. Da Mgeni alishafungua kwa ufunguo wake, amesimama na kikaragosi mkononi. Nikajiweka tayari kusutwa.

"Ni mama," akasema, akikipapasa kidevuni penye kovu. "Na kilemba umemfunga vilevile alivyokifunga mwenyewe, fundo nyuma ya sikio."

Nikaitikia tu kwa kichwa. Nywele za mama zilikuwa kazi ya leo, jana nilimwacha kipara. Na kilemba mimi sijui kukifunga, hata kamba za viatu hunishinda.