Nyuma ya Kipeperushi cha Pirogi

Mzee Emil Hruska alifika Jumanne asubuhi akiwa amevaa koti la kanisani, mkononi ameshika sahani iliyofunikwa kwa foili. Renata Hudak alimwona kupitia kioo cha mlango wa chumba cha nyaraka akifuta viatu kwenye zulia, mara mbili kila kimoja.

Jina la mzee huyo alilijua. Mwezi wa Aprili alikuwa ameliandika kwa mkono wake mwenyewe juu ya maboksi tisa, mzee alipouza nyumba ya wazazi wake na kuzikabidhi karatasi zote kwa chumba hicho. Ndani yake mlikuwa na tiketi za tramu, kadi za mazishi, ratiba za tamasha la wafanyakazi wa kiwanda cha chuma, menyu za harusi na kadi za chama. Ni karatasi ambazo watu wa mji wa Youngstown walizishika siku moja na kuzisahau, na mtu mmoja tu, mama yake Emil, hakuweza kuzitupa.

"Hudak wa wapi wewe?" mzee aliuliza akikisoma kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwa Renata.

"Wa mtaa wa Lansingville, mzee."

"Ah! Basi bibi yako namjua. Alikuwa anabana pirogi kama anamfinya mtu sikio." Akaiweka sahani ya pirogi, vile vifuko vya unga vya kuchemsha, juu ya kaunta. "Hizi ni za jana, za viazi na jibini. Mle wewe na yule mama mkuu wako wa kazi. Nasikia huku mnavaa glovu kama madaktari wa upasuaji."

"Kwa picha tu. Kwa karatasi tunanawa mikono."

"Basi na mimi ninawe."

Alinawa kwa muda mrefu, kama mtu anayejiandaa kumpokea mtoto mchanga. Renata alimwonyesha meza iliyo karibu na dirisha, akamuuliza angependa kuanza na boksi lipi. Mzee akasema hana haja na maboksi. Alikuwa anataka kitu kimoja tu: lile fungu la vipeperushi vya pirogi.

Renata alilikumbuka. Nani angelisahau? Vilikuwa vipeperushi mia mbili na kumi na viwili, vyote sawasawa, vimefungwa kwa utepe wa aproni: chakula cha Kwaresima, pirogi na samaki, ukumbi wa chini wa kanisa. Aliyechapa alikosea, akaandika Alhamisi badala ya Ijumaa, na kosa hilo lilimfurahisha Renata siku ile hata akaliandika kwenye orodha kwa uangalifu. Kisha akafanya wanavyofanya wote wa kazi ile nakala zinapozidi: akachagua mbili zilizo safi kuliko zote, akazitia kwenye jalada, na zilizobaki akazipakia kwenye toroli la karatasi chakavu.

Lakini kuna sharti. Kabla ya kutoa nakala hata moja, unaigeuza. Bi Verna Tolliver, mkuu wake, alikuwa na miaka thelathini katika kazi hiyo na alilisema sharti hilo kila wiki, mpaka Renata alikuwa akilisikia akiwa anapiga mswaki. Kwenye fomu kulikuwa na safu yake kabisa: nyuma zimekaguliwa. Renata aligeuza saba. Zote saba zilikuwa na maandishi ya penseli kwa Kislovakia, lugha ambayo yeye aliijua ya jikoni tu, kwa bibi yake. Aliona neno la mkate, akaona la maziwa, akaona la makaa. Hakukuwa na jina wala tarehe. Orodha za dukani, alijiambia. Ilikuwa Ijumaa, gari la karatasi chakavu lilikuwa limeshafika uani, na dereva alikuwa anapiga honi. Akaweka alama kwenye safu, akaandika R.H., akalisukuma toroli nje.

Sasa mwenye karatasi alikuwa ameketi dirishani, mikono yake iliyonawa ikiwa juu ya meza.

"Unajua," mzee alisema, "sisi watoto tulikatazwa kuzigeuza zile. Kanisa lilitaka kuzitupa kwa ajili ya lile kosa la siku, mama akazichukua awe anaandikia. Akiandika anaifunika chini ya bakuli la sukari, na ole wako uiguse. Ilikuwa ya baba."

Akaeleza polepole, macho yakiwa nje. Baba yake, Jozef, alikuwa akiingia kiwandani jioni na kuongeza saa mpaka asubuhi. Mama yake, Zuzana, alitoka kwenda kwenye kazi ya dobi muda mfupi kabla baba hajarudi, na aliporudi, baba alikuwa ameshaondoka. Kitanda kilikuwa kimoja, wakakilalia kwa zamu. Emil hakuwahi kuwaona wote wawili wakiwa macho pamoja isipokuwa Jumapili, na Jumapili walikuwa wamechoka mno hata kuzungumza. Baba alifariki Emil akiwa na miaka kumi na mmoja. Dada yake mkubwa, mpaka anakwenda kaburini, alisema wale hawakuwa mume na mke, walikuwa wapangaji wawili wa nyumba moja.

"Mimi nilimkatalia. Lakini nilimkatalia bila ushahidi." Mzee alicheka kidogo. "Miaka yote fungu lilikuwa kabatini kwangu na mimi naogopa kulifungua. Nina miaka sabini na sita. Nimeona nije nilifungulie hapa, mbele ya watu, nisije nikakimbia."

Renata alisema ngoja nikaangalie. Aliingia ghalani, akafunga mlango, akasimama katikati ya rafu. Jalada lilikuwa mahali pake. Alilifungua ingawa alijua kilichomo: nakala mbili. Alizigeuza. Nyuma zilikuwa nyeupe pe.

Bi Verna alikuwa mwisho wa rafu akipanga ramani. Alimtazama juu ya miwani yake, akauliza kulikoni, mbona amekuwa mweupe kama karatasi ya kufungia nyama. Renata akasema hakuna kitu. Hapo ndipo lilipomjia wazo la bomba. Septemba bomba lilikuwa limepasuka kule chini, na maboksi manne ya watu wengine yakaharibika. Jambo hilo lilijulikana mjini. Hakuna ambaye angeuliza.

Alirudi mezani na jalada kifuani. Alisikia sauti yake mwenyewe, laini, yenye adabu, ikisema kwamba mwezi wa Septemba walipata mkasa wa maji, na kwamba kwa bahati mbaya karatasi nyingine hazikupona.

Mzee akanyoosha mkono na kumpapasa kiganja. "Pole, mwanangu," akasema. "Maji hayana adabu. Usihuzunike, bwana. Si kosa lako."

Afadhali angemkaripia. Renata aliutazama ule mkono wa kizee wenye madoa, bado una ubaridi wa maji ya bomba, ukimfariji yeye, na akaona aibu ikimpanda toka miguuni. Mzee alikuwa tayari anavuta jalada kuona zile mbili zilizopona. Alizigeuza, akaona weupe, akatikisa kichwa.

"Hizi ndizo zilizobaki baba alipofariki," alisema. "Za chini kabisa. Hakuwa na wa kumwandikia tena."

"Mzee Emil, hayakuwa maji."

Alilisema chinichini hata mzee akainamisha sikio. Ikambidi alirudie. Akamwambia yote: nakala mia mbili na kumi, toroli, honi ya dereva, zile saba alizogeuza na ile alama aliyoiweka kana kwamba amegeuza zote. Alimwambia alichagua zile mbili kwa sababu zilikuwa safi. Hakusema ni kazi nyingi, wala kwamba alikuwa mgeni kazini, ingawa yote mawili yalikuwa kweli.

Mzee Emil alivua miwani. Akaikunja, akaikunjua.

"Nilidhani kazi yenu ni kusoma," alisema mwisho. "Ndiyo maana sikueleza kitu. Nikasema, wale wanasoma kila kitu, watajua."

Renata alizirudisha zile mbili kwenye jalada.

"Kwa hiyo uliziona," mzee alisema. "Saba."

"Niliziona, ila sikuzielewa. Mkate, maziwa, makaa. Na chini ya kila moja palikuwa na mstari uleule. Nilidhani ni salamu tu, kama watu wanavyomalizia barua."

"Upi?"

Alisema hakumbuki wote. Mzee akamsukumia kipande cha karatasi na penseli, zile penseli fupi za chumba cha kusomea, akangoja. Renata alifumba macho. Alichokikumbuka ni umbo, herufi zilizolalia upande, na baada ya kukosea mara mbili na kufuta, aliandika maneno mawili: teplú stranu.

Mzee aliyasoma kwa midomo. Akayasoma tena. Uso wake ulifanya kitu ambacho Renata hakujua kama ni kicheko au maumivu.

"Upande wenye joto," alisema. "Wa kitanda. Mama anatoka, baba anaingia. Anamwambia, nimekuachia upande wenye joto."

"Palikuwa na miandiko miwili," Renata alisema haraka, kwa kuwa lilikuwa limemjia sasa hivi tu. "Mmoja umelala. Mwingine ni herufi kubwakubwa, zimesimama, penseli imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka. Nao ulimalizia vilevile."

"Baba? Baba alikuwa anaandika jina lake kwa kutoka jasho." Alikitazama tena kile kipande. "Na mama alikuwa anarudi usiku, kitanda kimepoa zamani. Upande upi wenye joto? Alikuwa anamtania." Akafunika macho kwa kiganja. "Alikuwa anamtania mkewe, yule baba. Sisi hatukuwahi kumsikia akitania."

Kisha akauliza zilikuwa ngapi za herufi kubwa. Mbili, Renata alisema, katika zile saba. Akauliza katika zile nyingine zilikuwa ngapi, na mara hiyohiyo akainua mkono kumzuia asijibu, maana walijua wote wawili kwamba hakuna wa kumjibu tena.

Wakati huo Bi Verna alikuwa amesimama mlangoni. Ni muda gani alikuwa pale, Renata hakujua. Hakumkaripia. Alikwenda kwenye kabati, akatoa fomu ya Aprili, akaiweka mbele ya Renata na kusema neno moja tu: "Irekebishe."

Renata aliketi. Kwenye safu ya nyuma zimekaguliwa alikata alama yake kwa mstari mmoja, ili iliyo chini ya mstari bado isomeke, kama sharti linavyotaka. Pembeni akaandika kwamba nakala mia mbili na kumi zilitupwa, saba tu zikiwa zimekaguliwa. Kwamba nyuma ya saba zilizoonwa kulikuwa na barua za mume na mke, kwa penseli. Na kwamba kila moja ilimalizia kwa upande wenye joto.

"Weka majina yao," mzee alisema. "Zuzana na Jozef. Asije mtu akasema hazikuwa na wenyewe."

Akaweka. Halafu, pale alipokuwa ameandika R.H., akaandika jina lake lote.

Mzee Emil alisimama, akavaa koti. Hakusema amesamehe, na Renata hakumuuliza. Alichukua kile kipande chenye maneno mawili, akakikunja, akakitia mfuko wa ndani. Mlangoni aligeuka, akaitazama sahani iliyo juu ya kaunta kana kwamba anafikiria kuichukua.

"Zipasheni moto kwa siagi," alisema. "Zikipoa hazina maana."

Bi Verna alizipasha saa sita. Renata alikula moja, kwa kuwa mzee alisema wazile, akatafuna kwa muda mrefu. Kisha akanawa mikono, akashusha boksi la kwanza kati ya yale tisa, akaanza kugeuza tiketi za tramu, moja moja.