Kidole Gumba cha Mzee Manyoya

Vipande vilikuwa kumi na kimoja, vyote vya plasta, na kwa miaka ishirini na miwili vilikuwa vimelala ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati la shangazi yake. Kila mwaka, siku ya kwanza ya likizo, mwanamke ambaye wenzake kazini walimwita Plasta alilishusha kopo hilo, akatandaza gazeti mezani na kuvipanga vipande mpaka ukatokea mguu: kisigino kipana, wayo bapa, vidole vinne vifupi. Cha tano, kidole gumba, hakikuwapo. Pengo lake lilimkodolea macho kama pengo la jino la mbele.

Na mapengo ndiyo yaliyokuwa kazi yake. Alitengeneza meno bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki, chumba chenye dirisha moja, jiko dogo la gesi la kuyeyushia nta, na rafu ndefu ambako vinywa vya watu asiowajua, vilivyomiminwa kwa plasta, vilingoja zamu zao. Watu wengine hukumbuka sura. Yeye alikumbuka namna mtu anavyouma.

"Unaupanga mguu huo kila mwaka kama vile umeupanda na unangoja uote," shangazi yake alimwambia, akimenya viazi. "Siku moja utaondoka wenyewe, utuache tumeduwaa."

"Ukiondoka, shangazi, nitaufuata."

"Marehemu kaka yangu alisema hivyohivyo. Haya, alifika wapi?"

Kaka huyo, baba yake Plasta, alikuwa mpeleka barua. Njia yake ilikatiza msitu hadi kwenye kiwanda cha mbao upande wa pili, na watu wa pande zote mbili walikuwa na visa vya kiumbe mrefu, mwenye manyoya mwili mzima, atembeaye wima kama binadamu. Kwa utani uliochanganyika na woga walimwita Mzee Manyoya. Baba hakuviamini visa hivyo mpaka asubuhi moja, baada ya mvua, alipoukuta unyayo kwenye tope la kijito. Akaomba plasta kwa fundi mwashi, akarudi, akaimimina, akaisubiri ikauke, kisha akaubeba mguu ule kilomita kumi na nne ndani ya mfuko wa barua, kifuani, kama abebaye mtoto mchanga.

Aliupeleka kwenye jumba la makumbusho, siku ya mhadhara wa hadhara, akiwa amemshika mkono binti yake wa miaka tisa, ambaye alikuwa hajauona nje ya mfuko. Mhifadhi wa makumbusho, kijana msomi wakati huo, aliugeuza mguu mara mbili bila hata kuvaa miwani yake. Kisha akauliza, kwa sauti ya kufika safu ya mwisho, "Mzee, asubuhi hiyo ulikunywa nini?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Baba, ambaye pombe aliijua kwa harufu tu, alijibu kwa moyo mweupe: "Chai, bwana."

Kicheko kikawa radi. Mhifadhi akachukua nyundo ndogo ya kupasulia mawe, akatangaza kwamba sayansi haina muda wa vinyago, akaupiga mguu. Baba alipiga magoti mbele za watu wote, akaviokota vipande kimoja kimoja na kuvitia ndani ya kofia yake ya kazi. Kuanzia siku hiyo akawa Baba Manyoya. Watoto waliifukuza baiskeli yake wakinguruma, na wakubwa waliopokea barua zao mlangoni walimuuliza kama amekunywa chai. Aliendelea kwenda msituni kila likizo, mpaka kifua kilipomshinda. Alikufa bila mtu hata mmoja kumwomba radhi.

Plasta alirithi futi ya kupimia, mabuti yaliyompwaya, na msako wenyewe. Kwa likizo kumi na moja alilala kwenye hema kando ya kijito kile. Alikuta nyayo za nguruwe pori, za nyani na za wakata mbao. Mwaka mmoja alifuata kutwa nzima alama za kutisha, akamkuta mpika mkaa aliyefunga miguu yake kwa magunia. Mzee Manyoya mwenyewe hakujitokeza. Alichokitaka Plasta kilikuwa kimoja tu: jina la baba yake litolewe matopeni mahali palepale lilipotupwa, mbele ya watu, na aliyelitupa awepo.

Ndipo gazeti lilipoandika kwamba makumbusho yatafungua Ukumbi wa Mzee Manyoya, na kwamba Mhifadhi, ambaye sasa alikuwa Mhifadhi Mkuu anayekaribia kustaafu, atauzindua mwenyewe. "Daima nimeamini," alinukuliwa akisema.

Plasta aliyasoma maneno hayo mawili mara tatu. Siku iliyofuata, baada ya wenzake kwenda kula, alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa zana za kazi. Alivigandisha vipande kumi na kimoja kwa nta, akalijaza pengo kwa kidole alichokifinyanga kwa kukisia, kidole kilichonyooka kando ya wenzake kama askari kwenye gwaride. Akatoa kalibu, akaijaza plastiki ya kutengenezea fizi, kwa kuwa hiyo ndiyo pekee iliyotosha. Mguu ukatoka wa waridi, unang'aa, kama ufizi wa mtoto.

Shangazi alipouona alishika kiuno. "Makubwa! Ndiye huyu Mzee Manyoya, au ni kichanga chake kabla ya kuota manyoya?"

"Nitaukandamiza kwenye tope, nimimine plasta juu ya alama yake, nimpelekee Mhifadhi. Ataumeza mzimamzima. Siku ya uzinduzi, mbele ya waandishi wa habari, nitautoa huu wa fizi, nimuulize swali lake mwenyewe."

Shangazi hakucheka tena. "Na baba yako?"

"Baba amefanyaje?"

"Watu wakishajua mguu mmoja ni wa uongo, mwanangu, nani ataamini ule mwingine?"

"Shangazi, mguu mwingine ninao wapi? Ule ulishavunjwa."

"Hujanijibu," alisema shangazi, akarudi kwenye viazi vyake.

Ofisini kwa Mhifadhi, Plasta alijitambulisha kwa jina la ukoo wa mama yake. Mhifadhi alikuwa amezeeka. Alimwita binti yangu, akamvutia kiti, na safari hii miwani aliivaa. Aliinua mguu mpya wa plasta kwa mikono miwili, midomo ikimchezacheza. Plasta alikuwa akiifurahia tamaa ile, mpaka macho yake yalipotua juu ya rundo la karatasi mezani, na juu ya kitu kilichozizuia zisipeperushwe na feni.

Kilikuwa kidole gumba cha plasta.

Vipande vyake kumi na kimoja alivijua kama ajuavyo ngazi za nyumbani kwao, na papo hapo alijua kwamba hiki kilikuwa cha kumi na mbili. Kumbe hakikuwa kimenyooka. Kilielekea nje, upande, kama kidole gumba cha mkono, na tumboni mwake kilikuwa na mistari ya ngozi, myembamba mno, iliyopinda na kukutana kwa namna ambayo mkono wa fundi usingeweza kuichonga. Yeye alikuwa fundi, alijua.

"Hiki ni nini, bwana?" aliuliza, akishangaa jinsi sauti yake ilivyotulia.

"Ah, hicho! Unyayo niliomimina mwenyewe msituni, miaka mingi iliyopita. Mguu uliobaki ulivunjika njiani, bahati mbaya. Hicho ndicho kitakaa katikati ya ukumbi wangu." Akakiweka kando ya kidole cha mguu mpya. Paji la uso wake likakunjamana. "Ajabu. Hiki kimekwenda upande. Chako kimenyooka."

Kwa hiyo Mhifadhi alijua. Tangu kicheko kile kilipotulia na watu kwenda zao, tangu alipokiokota kidole chini ya meza na kukigeuza chini ya taa, alijua kwamba mpeleka barua alisema kweli. Na kwa miaka ishirini na miwili alikitumia kuzuia karatasi.

Mlango ulikuwa wazi mbele ya Plasta wakati huo. Angeweza kusema: changu ni cha uongo, hicho ndicho cha kweli. Sentensi moja. Lakini hasira ilikuwa tamu kama asali, na ndani yake aliona kisasi kilicho bora kuliko kile cha kwanza: atakwenda uzinduzini na kopo lake, akiunganishe kidole mbele ya umma.

"Labda kimoja kimekosewa, bwana," alisema.

"Labda," alijibu Mhifadhi. Hakuwa akikitazama cha Plasta. Alikuwa akikitazama chake.

Plasta aliondoka bila wasiwasi. Kazini kwake, meno bandia yasipokaa sawasawa juu ya plasta, hupigwa tupa meno, yasuguliwe mpaka yakae. Plasta haiguswi, maana plasta ndiyo kinywa cha mtu, na kinywa hakipunguzwi ili kiyafurahishe meno. Ilikuwa sheria ya kwanza aliyofundishwa alipoanza kazi, na alikuwa ameizoea kiasi cha kudhani kila mwenye akili timamu anaijua.

Siku ya uzinduzi, alasiri, ukumbi ulinukia rangi mbichi. Shangazi aliketi safu ya pili, mkoba mapajani, na ndani ya mkoba mguu wa fizi umeviringishwa taulo. Mhifadhi Mkuu alihutubu vizuri: juu ya subira, juu ya unyenyekevu wa mtafiti. Kisha akaonyesha sanduku la kioo, na ndani yake, juu ya kitambaa cheusi, mguu mpya na kidole kikongwe vimelazwa sambamba. "Miaka ishirini na zaidi kati ya viwili hivi," alisema, "na tazameni: vinalingana kama pacha!"

Plasta alisimama katikati ya makofi. Alikwenda hadi mezani, akafungua kopo, akavipanga vipande kumi na kimoja kwa kasi ya mtu aliyekwisha kuvipanga maisha yake yote.

"Huu ni mguu wa baba yangu, mpeleka barua," alisema. "Uliuvunja wewe, kwa nyundo, katika jengo hilihili. Naomba kidole chake."

Mhifadhi alimtambua, kwanza kwa uso, halafu kwa maneno. "Binti yangu, hapa si mahali pake..."

"Ndipo penyewe."

"Mpe tu, mzee, na sisi tuone," alisema mwandishi mmoja wa kike aliyekuwa mbele, kalamu tayari.

Hakukuwa na pa kukimbilia. Mlinzi akafungua sanduku. Plasta alikichukua kidole, akakisogeza penye pengo, na pale palipovunjika pakaumana na penzake, jino kwa jino, bila nafasi hata ya unywele. Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Ndicho alichokisubiri tangu umri wa miaka tisa. Akainama kukitazama.

Kidole kilikuwa kimenyooka.

Ule mwelekeo wa nje ulikuwa umeondolewa. Tumbo lilikuwa laini kama kigae. Mistari ya ngozi haikuwapo, na mahali pake palikuwa na mikwaruzo midogo, sambamba, vumbi lake jeupe bado limo ndani. Mikwaruzo hiyo aliifahamu. Aliipiga yeye mwenyewe kila siku, juu ya meno.

"Umekipiga tupa," alisema, kwa sauti ya chini sana. Kisha akarudia kwa nguvu, kila mtu asikie: "Umekipiga tupa! Kwa nini?"

"Kilikuwa na kasoro," alisema Mhifadhi, na kwa mara ya kwanza alisema kama mtu anayeomba kueleweka. "Wako ulikuwa mzima, binti yangu. Wako ndio ulionionyesha namna kinavyopaswa kuwa."

Plasta alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Shangazi alisita. "Nikupe?"

"Nipe."

Taulo likafunguliwa. Aliuweka mguu wa waridi mezani kando ya ule mpya wa plasta, vidole kwa vidole, kisigino kwa kisigino. "Ule mpya ni wangu. Nimeutengeneza kazini, kwa plastiki ya fizi. Kidole gumba nilikikisia." Kisha akamgeukia Mhifadhi, na maneno yakatoka kama yalivyokaa miaka yote, hayajachakaa: "Mzee, ulikunywa nini?"

Kicheko kilianzia kwa mwandishi wa mbele, kikapanda safu kwa safu, kikawa radi. Mhifadhi Mkuu alipapasa mezani, halafu mifukoni, akitafuta miwani ambayo alikuwa ameivaa. Alitoka kwa mlango wa nyuma, na kicheko kikamsindikiza hadi uani. Plasta alimtazama mpaka mlango ulipojifunga. Hakumwonea huruma hata chembe.

Kesho yake magazeti yalimwita Profesa Fizi. Jina la baba liliandikwa kwa usahihi, pamoja na kisa cha nyundo, na mwandishi yule alisema wazi kwamba mpeleka barua alistahili kuombwa radhi. Kuhusu mguu wenyewe aliandika mstari mmoja tu: kwamba kwenye kidole hicho wataalamu hawakuona alama yoyote isipokuwa ya tupa, na kwa hiyo la kusema hakuna.

Nyumbani, shangazi alimimina chai. "Umelipiza?"

"Nimelipiza."

"Sawasawa?"

"Sawasawa, shangazi."

"Basi mbona chai inapoa?"

Plasta hakusikia. Vipande kumi na viwili vilikuwa mbele yake juu ya gazeti lenye picha ya Mhifadhi, na mkononi alikuwa na penseli. Alikiona kidole kile cha kweli mara moja tu, kwa muda wa kuuliza swali na kujibiwa, na hakuna mwingine duniani aliyekiona akataka kukikumbuka. Akachora. Akafuta. Akafumba macho, akajaribu kuuona tena ule mwelekeo wa nje, ile mistari iliyopinda na kukutana, akachora tena.

Kila alipochora, kidole kilitoka kimenyooka.