Murugi Akataa Kuanguka

Murugi alifika dukani kwa Theuri, pale Gatitu, kununua unga wa uji, na Theuri akaona shali yenye mtoto ikielea mbele ya kaunta. Mtoto hakuwahi kuwekwa mtandaoni, kwa hiyo yeye alionekana vizuri. "Mama Wendy, leo wamekuficha kabisa," Theuri alisema, akapima unga.

Ilianza na video za maji alizoweka mtandaoni. Tangu kiwanda cha juu ya mto kifunguliwe, bomba la mtaa lilitoa maji ya rangi ya chai, na watoto walikuwa wakiharisha. Murugi alieleza polepole, kama alivyofunzwa darasa la jioni. Watazamaji waliondoka kabla hajafika katikati, na ule mtambo unaochagua video ya kupelekea watu ukaacha kumpeleka popote. Kila video iliyofichwa iliondoka na kipande cha mwili wake: kwanza vidole, halafu mabega, mwisho uso.

Alirudi kuonekana mara moja tu, alipoteleza kwenye tope na mimba yake kubwa, simu ikirekodi. Hiyo watu waliitazama hadi mwisho wakairudia. Jioni ile Murugi alikuwa mzima, na mpaka mjini Kenol watu walimjua.

Kesho yake simu ilimwambia kwa sauti ya upole, "Anguka tena. Maji utayataja ukiwa chini."

"Lazima niwe chini ndio nisikike?"

"Ndiyo."

"Basi sianguki."

Murugi akaanza kufifia tena, na mumewe, Mburu, akachoka kulala na sauti. "Anguka kidogo tu, ata kwa godoro," alimbembeleza. Murugi alikataa, akafifia hadi akaisha, akajifungua hivyohivyo.

Jumamosi wanawake wa kikundi chake cha akina mama walikuja kumwona mtoto, kila mmoja na chupa ya uji. Walimkuta Wendy akinyonya hewani. "Kwani wewe unakula kweli?" mmoja wao, Tabby, aliuliza. "Umekonda mpaka umeisha."

Kwa kikundi chao, mgeni haondoki kabla mzazi hajamaliza kikombe. Murugi alikunywa kidogokidogo, na kati ya funda na funda akaeleza kuhusu maji. Walitazama kikombe kikiinama, wakasikiliza hadi mwisho kwa sababu hawakuwa na ruhusa ya kuondoka. Kufikia tone la mwisho la uji, wote walikuwa wakimwona, mpaka kovu la kidevu.

Nje ya nyumba hiyo hakuna kilichobadilika. Simu iliripoti kwamba hakuna aliyetazama, ikamwonyesha video ya mwanamume wa Kerugoya anayejirusha kwenye ngazi. Bomba lilitoa chai.

Jumatatu walikwenda wote ofisi ya maji. Afisa aliwahesabu, akasema anasikia sauti moja zaidi. "Ni nani huyo anaongea?"

"Ni Mama Wendy," Tabby alimjibu. Akafunga mlango, akauegemeza kwa mgongo wake mpana, afisa asitoke.

Murugi akaanza upya, polepole, tangu mwanzo.