Usije Masika

Ofisini walimwita Bi Majira, na jina hilo lilimkaa kuliko lile la kwenye kitambulisho. Kazi yake ilikuwa moja, na aliifanya miaka kumi na minne bila kuhamishwa kiti: kuwajibu wageni wanaouliza waje nchini lini. Wewe utasema hiyo nayo ni kazi? Haya, jaribu. Kuna anayetaka jua ila hataki joto. Kuna anayetaka mvua ya kupiga picha ila isimloweshe. Kuna bibi mmoja aliandika kuuliza ni wiki gani hasa ambayo mbu huwa likizo. Bi Majira aliwajibu wote kwa adabu, na wengi wakaja.

Ukutani, nyuma ya kiti chake, lilining'inia jedwali la miezi kumi na miwili alilolipaka rangi mwenyewe. Wa sita hadi wa kumi, manjano. Wa tatu hadi wa tano, kijivu, maana hapo masika hushuka na barabara nyingine hugeuka mito. Lakini neno masika lilikuwa haramu kwenye barua. Mkuu wa ofisi alishatoa amri kwamba mteja hafukuzwi, kwa hiyo masika yaliitwa "msimu wa kijani": mandhari imenawiri, wageni wachache, hewa safi. Matope hayakutajwa. Bi Majira alijitetea kwamba huo si uongo, ni ukweli uliovalishwa nguo za kutokea, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemshitaki.

Basi mwezi wa pili, siku ya Jumanne, ikaingia fomu ya mteja mpya. Jina: Mtoto wa Mama. Idadi ya wasafiri: mmoja, ana njaa. Swali: "Naomba ushauri wa kitaalamu. Ni lini hasa inafaa kuja kumwona mama yangu?"

Alikuwa mdogo wake, kitindamimba, aliyekuwa ughaibuni mwaka wa kumi na moja bila kurudi hata mara moja kwa sababu ya makaratasi. Chini ya fomu alieleza kwamba makaratasi yametoka, kazini wamempa ruhusa ya wiki tatu mwaka huu, achague mwenyewe, ila ataje tarehe kabla mwezi haujaisha. Bi Majira alicheka peke yake mpaka mwenzake wa meza ya pili akageuka kumtazama. Kisha kicheko kikakatika.

Kwa sababu Ijumaa iliyotangulia alikuwa amempeleka mama yao kliniki ya moyo. Mama akiwa nyuma ya pazia anavaa, huku analalamika kwamba ile mashine yao ina baridi, daktari alimvuta Bi Majira hadi kwenye korido. Alikuwa mwanamke wa makamo asiyependa kuzungusha maneno.

"Dada, moyo wa mama umechoka. Dawa zitampunguzia maji mwilini, apumue, apate usingizi. Kuuponya haziwezi."

"Tuna muda gani?"

"Mimi si mtu wa kutaja tarehe. Miezi. Inaweza kuwa mitatu, inaweza kuwa sita. Ngoja niingie nimweleze mwenyewe."

Hapo ndipo Bi Majira alipofanya alichokifanya. Alimshika daktari mkono akasema, "Niachie mimi. Nitamwambia nyumbani, taratibu." Daktari alimtazama, akamwambia mama ana haki ya kujua na asicheleweshe, kisha akaitwa chumba kingine. Na Bi Majira wala hakuwa na nia ya kusema lolote. Kwao mgonjwa haambiwi. Huambiwa mtoto mkubwa, mtoto mkubwa akalimeza, na mgonjwa akaelezwa kwamba dawa ni kali ndiyo maana anachoka. Baba yao aliondoka hivyo hivyo, akiwa katikati ya mipango ya kununua baiskeli.

"Amesemaje?" mama aliuliza walipokuwa wanateremka ngazi.

"Amesema upunguze chumvi."

Sasa jioni ya ile Jumanne akampelekea mama habari ya fomu. Mama alikuwa kitandani, miguu juu ya stuli, imejaa maji hadi vifundo havionekani. Alipiga vigelegele vya sauti ndogo, kwa kadiri pumzi ilivyomruhusu, akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Aje mwezi wa saba," alisema, kama aliyekuwa na jibu mfukoni. "Mvua zimekwisha, njia imekauka, na mimi nimeshapata nguvu. Nataka anikute nimesimama mlangoni."

"Anaweza kuja hata mwezi ujao, Mama. Ameshapewa ruhusa."

"Aje kufanya nini? Anione na miguu hii?" Mama aliitazama miguu yake kwa dharau. "Akija sasa atakuwa amekuja kumtazama mgonjwa. Akija mwezi wa saba atakuwa amekuja kutembea. Na usimwambie kwamba naumwa, utamharibia kazi kwa mawazo. Si wewe unayewapangia wazungu wa watu? Mpangie na mwenzio."

Mtazame huyu mwanamke alivyobanwa. Akimwita mdogo wake haraka, mama atauliza kulikoni, na mama si mtoto mdogo. Ataelewa hapo hapo kwamba anakufa. Akimwacha aje mwezi wa saba, mtoto anaweza kufikia makaburini. Usiku kucha aligeuka upande huu na upande ule, na kulipokucha alikuwa bado hana jibu. Alichokuwa nacho ni barua ya ofisi, iliyoandikwa tayari, inayohitaji jina tu.

"Ndugu Mteja," aliandika, "kwa ziara ya familia tunapendekeza mwezi wa saba. Hali ya hewa ni tulivu na njia zote hupitika." Mwishoni akaongeza la kwake, kwa lile neno la haramu: "Usije masika." Akaituma, akaenda chooni, akafungulia bomba ili asisikike akilia.

Mdogo wake alijibu kabla ya saa sita. Tarehe kumi mwezi wa saba, tiketi tayari, amwambie mama.

Na hapo, jamani, mama akafufuka. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Aliita fundi rangi aje kupaka chumba cha wageni, akamsimamia akiwa kwenye kiti, akamwonyesha alipoacha madoa. Alinunua godoro. Alibishana na fundi cherehani juu ya pazia kwa nusu saa nzima, jambo ambalo hakuwa na pumzi ya kulifanya tangu mwaka uliopita. Kila asubuhi alitembea hadi getini na kurudi, mkono ukutani, akihesabu hatua, na akirudi husema, "Mpaka mwezi wa saba nitafika dukani." Ndugu na majirani waliotaka kuja kumjulia hali aliwaambia wangoje, waje wote kwa pamoja mtoto akifika, ili yeye mwenyewe asichoke mara mbili. Bi Majira alimtazama na kujipongeza kimoyomoyo. Unaona? alijiambia. Ningemwambia, angegeukia ukuta. Akaanza hata kuamini kwamba daktari naye ni binadamu, anaweza kukosea.

Masika yakashuka wiki ya mwisho ya mwezi wa tatu. Yalishuka kwa fujo, siku tisa mfululizo, na mama akashuka nayo. Kwanza aliacha kufika getini, akafika mlangoni. Kisha mlango nao ukawa mbali. Zamani alilalia mto mmoja. Ikawa miwili, ikawa minne, mpaka ikabidi alale ameketi, maana akilala chali pumzi inakata. Hakuacha utani. "Miguu imetangulia kunenepa," alimwambia Bi Majira akimpaka mafuta, "mikono itafuata." Bi Majira alicheka, na ndani alijisikia kama aliyeiba kitu.

Katikati ya mwezi wa nne akamwandikia mdogo wake. Na unajua alivyoandika? Kwa lugha ya ofisi. Mkono ulikuwa umeshazoea njia hiyo hata ukiambiwa uende kwingine. Alimwandikia kwamba, kwa kufikiria zaidi, msimu wa kijani nao una uzuri wake, watu ni wachache, na mama angefurahi kama tarehe zingewahishwa kidogo.

"Dada," jibu lilikuja na kicheko ndani yake, "wewe ndiye uliyenipiga marufuku masika. Mtaalamu gani anageuka kama feni? Nakuja mwezi wa saba, tulia."

Aliisoma mara mbili. Kisha akachukua simu, akaingia kwenye stoo ya vipeperushi, akafunga mlango, akampigia.

"Njoo sasa," alisema.

"Sasa lini?"

"Wiki hii. Mama anakufa."

Alisikia mlango unafungwa huko, na sauti za watu zikapotea.

"Tangu lini?" mdogo wake aliuliza.

"Tangu mwezi wa pili."

"Nilikuuliza mwezi wa pili."

"Najua."

"Nilikuuliza wewe, Dada. Nilikuandikia mpaka ofisini kwako."

"Najua, mdogo wangu."

Hakumtukana. Afadhali angemtukana. Alisema tu kwamba atatafuta ndege, na kabla hajakata aliuliza kama mama anajua anakuja. Bi Majira akasema hapana. Akauliza tena, mama anajua nini hasa. Bi Majira akasimama pale kati ya mabunda ya vipeperushi vyenye picha za jua.

Jumamosi mchana ndege ilitua imechelewa saa mbili kwa sababu ya mvua. Walikumbatiana bila kusema mengi. Amekuwa mtu mzima, nywele zimeanza kumtoka mbele, amevaa viatu vya ngozi visivyofaa hata kidogo kwa mwezi ule. Teksi iliwafikisha mpaka mahali maji yalipokata barabara, dereva akasema yeye gari lake halijui kuogelea, wakashuka. Iliyobaki ni robo saa ya kutembea kwenye tope, sanduku begani kwa mdogo wake, mwavuli umegeuka ndani nje. Katikati ya njia alisimama, akauliza, "Amekonda sana?" Dada yake akamjibu kwamba amevimba. Wakaendelea kutembea.

Mama alikuwa ameketi juu ya mito yake, na jirani aliyebaki naye alikuwa akimpepea. Alimwona mwanawe mlangoni, maji yakimchuruzika, tope mpaka magotini. Uso wake wote ukafunguka.

"Babangu," alisema. "Babangu, babangu."

Mtoto akapiga magoti, akaweka kichwa mapajani mwake, na mama akamshikashika masikio, shingo, kipara kinachoanza, akicheka na kulia kwa pamoja. Alimuuliza kama wanampikia huko, akamuuliza kuhusu kazi, akamwambia amenyanyua mabega kama babake. Jirani akaaga kwa kunong'ona. Bi Majira alisimama karibu na kabati na kwa dakika kama kumi hivi alifikiri kwamba huenda likapita. Furaha itafunika, hatauliza.

Kisha mama alimtazama mwanawe viatu. Akatazama dirishani, mvua inavyopiga. Mkono uliokuwa ukimpapasa mtoto ukapunguza mwendo, ukatulia. Alipoinua macho hakumtazama mwanawe, alimtazama binti yake, na Bi Majira akajua kwamba ameelewa.

"Nenda kaoge, baba, utashikwa na homa," mama alisema. "Maji ya moto yapo jikoni."

Walisikiliza hatua zake mpaka mlango wa bafuni ukafungwa. Mama alivuta pumzi mara mbili tatu kabla ya kusema.

"Daktari alikwambia lini?"

"Siku ile ya mashine."

"Siku ya chumvi."

"Ndiyo, Mama." Bi Majira alianza kulia. "Sikutaka ukate tamaa. Ulikuwa unafurahi. Ulikuwa unatembea mpaka getini. Niliogopa nikikwambia—"

"Nyamaza kidogo." Haikuwa kwa ukali. Alikuwa anatafuta pumzi. "Siku ile uliponiletea habari yake nilikuwa bado natembea. Ulinijia ukaniuliza aje lini. Mimi nikachagua mwezi wa saba kwa sababu nilidhani ninao."

"Ningejua," mama alisema, "ningemwita mimi mwenyewe, kesho yake. Ningempikia."

Mvua iliendelea. Bi Majira aliketi ukingoni mwa kitanda, akanyoosha mkono, hakujua kama utapokelewa. Mama aliuacha hapo juu ya shuka, karibu na wake, hakuugusa wala hakuusukuma. Kutoka bafuni mdogo wake akaita kwamba hakuna taulo.

"Mpelekee mwenzio taulo," mama alisema, akageuza uso upande wa dirisha.