Nyimbo Ng'ambo, Hotuba Huku

Redio yetu ina nguvu ya wati moja, hata taa ya friji inaishinda. Haivuki kilima. Ndiyo maana tuliweka mitambo miwili: mmoja huku Waipuru, kwenye marae yetu, uwanja wa ukoo tunapolia misiba, mwingine ng'ambo ya kilima, Te Kopua, ambako shangazi Huhana amelala kitandani na mashine yake ya kupumulia. Miaka yote hakuna aliyelalamika.

Kisha wakubwa wa mji mkuu wakabadilisha kanuni: kipindi kimoja kisirushwe na mitambo miwili iliyo karibu. Wakamtuma kijana wa mamlaka ya mawasiliano, viatu vinang'aa, akapima masafa yetu, akala mkate wetu wa kukaanga, akatuambia wa ng'ambo wasikilize kwenye intaneti. Intaneti ipi? Te Kopua hata simu ya mkononi haishiki. Nilitamani kuvitapikia vile viatu.

Wiki ile ile baba mdogo Hohepa akafariki. Shangazi alikuwa na ombi moja tu: asikie huyo kaka yake akisemewa hotuba za kumuaga, maana kubebwa kuvuka kilima kungemmaliza. Nikapiga simu mamlaka kuomba ruhusa ya siku za msiba tu. Mama mmoja mwenye sauti tamu akanijibu kwamba maombi hujibiwa baada ya mwezi. Nikamwuliza maiti tumweke wapi mwezi mzima. Akasema ananielewa. Kwenda zake huko!

Nikasema tuwashe yote miwili, liwalo na liwe. Binamu yangu Rawiri, mwenyekiti wa kamati ya redio na msemaji wetu mkuu msibani, akaogopa tutanyang'anywa mitambo. Akaja na ujanja wake: vipindi viwe tofauti. Hotuba zirushwe huku, nyimbo zirushwe ng'ambo. Kamati ikapiga makofi. Wote wanakaa huku, ulitegemea nini?

Sasa kwetu, mtu akimaliza kumsemea marehemu, watu wake husimama na kuimba, kuonyesha wako nyuma ya maneno yake. Wimbo peke yake haumwambii mtu kitu. Mabwege hawa wanalijua hilo tangu utotoni, na bado wakafanya. Rawiri alisema hadi wanaume wakalia, na ng'ambo hakuna aliyemsikia.

Baada ya mazishi nikampelekea shangazi nyama ya nguruwe na viazi vitamu. Hakugusa sahani.

"Mereana, mwanangu, kaka yangu alikosa nini?" akaniuliza. "Siku zote hizi nasikia nyimbo tu. Hakuna hata mmoja aliyesimama kumsemea?"

Nikamweleza yote: kanuni, kijana wa mamlaka, kamati, ujanja wa Rawiri. Alinisikiliza hadi mwisho, akavuta pumzi kwenye mashine yake.

"Rawiri alisema vizuri?"

"Kuliko wote, shangazi."

"Basi mwambie, nikifa mimi asifungue mdomo kunisemea. Aimbe tu."